Beseni la Kayabwe na visulisuli vya Bahari ya Hindi

Ukishika barabara ya Masaka kutoka Kampala, mwendo wa kilomita sabini na kitu, unafika Kayabwe. Hapo ndipo ilipo ile miduara miwili mikubwa ya saruji, kila mmoja upande wake wa barabara, ambayo karibu kila mgeni wa Uganda amepiga picha ndani yake. Vijana wa pale wana mabeseni matatu yenye tundu chini. Moja limewekwa hatua chache kaskazini mwa Ikweta, moja juu ya mstari wenyewe, moja hatua chache kusini. Kijana anamimina maji, anadondosha ua dogo, anazibua tundu. Kaskazini ua linazunguka huku, kusini linazunguka kule, na katikati linashuka wima kama jiwe.

Nilipita hapo na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Bwera, aliye kidato cha pili. "Mjomba, umeona? Dunia inageuza maji!" Nikamlipa kijana wa mabeseni pesa yake, nikanyamaza. Sikutaka kumwaga unga wa mtu. Tulipokwisha kuingia garini ndipo nikamwambia kwamba alichokiona ni ufundi wa mkono. Namna kijana anavyomimina, na jinsi anavyoligusa beseni kidogo kabla ya kuzibua, ndiko kunakoamua ua lizunguke wapi.

Hakuniamini, kwa hiyo tukapiga hesabu njiani. Dunia inajizungusha, na kitu chochote kinachokwenda juu yake kikiachwa kijiendee chenyewe hupinda njia: kaskazini mwa Ikweta hupindia kulia, kusini hupindia kushoto. Maji yaliyosukumwa mara moja kisha yakaachwa hupinda, hupinda, mpaka yanafunga duara. Muda wa kufunga duara hilo unategemea uko umbali gani kutoka Ikweta. Kwenye ncha ya dunia ni saa 12 hivi. Latitudo ya 30, karibu na Cairo, ni siku nzima. Kampala, iliyo juu kidogo tu ya Ikweta, ni karibu siku 90. Na meta kumi kutoka kwenye mstari, pale lilipokaa beseni la kijana wetu? Zaidi ya miaka 800. Beseni lenyewe linakauka kabla hujamaliza kuhesabu hamsini.

Si kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Mwaka 1962 profesa Ascher Shapiro wa Marekani aliliona akiwa na chombo kipana cha karibu meta mbili, huko Massachusetts, mbali sana na Ikweta, baada ya kuyaacha maji yatulie siku nzima bila kuguswa. Wenzake wa Sydney wakarudia baadaye, maji yao yakazunguka kinyume. Lakini hiyo ni subira ya maabara, na barabara ya Masaka haina subira.

Sasa, mahali ambapo dunia inageuza maji kwelikweli ni baharini. Na bahari ya karibu nasi ina mfano ambao ungetakiwa ujulikane Kampala kama unavyojulikana kwa mabaharia. Kila mwaka kusi inapoanza kuvuma kwa nguvu, Mei kuingia Juni, mkondo wa pwani ya Somalia unageuka. Maji yaliyokuwa yakishuka kusini wakati wa kaskazi yanaanza kukimbia kaskazini, kisha kipande kikubwa kinajikunja kuelekea mashariki na kurudi kilikotoka, mpaka duara linafungwa. Linazunguka kwa kufuata mishale ya saa, na kingo zake zinaweza kupita meta mbili kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kwa makadirio ya satelaiti, eneo lake kwa wastani linazidi eneo la Uganda nzima. Fikiria nchi yote, kutoka Kisoro hadi Karamoja, ikizunguka majini.

Kiswahili kina neno kisulisuli, ule upepo unaojizungusha na kuinua vumbi na mifuko ya kaveera uwanjani. Nitaliazima. Bahari zote zimejaa visulisuli vya majini, vingi vikiwa na upana wa kilomita hamsini hadi mia mbili au tatu, vikiishi wiki au miezi. Mikondo mikubwa tunayoichora kwa mishale kwenye atlasi inatudanganya kidogo, maana sehemu kubwa ya nguvu ya mwendo wa bahari imo ndani ya visulisuli hivi. Rasi ya Tumaini Jema inavitapika kuelekea Atlantiki. Mlango wa Msumbiji unavipitisha kimoja baada ya kingine.

Na hapa linaingia swali lililonifanya niandike. Upepo unaitia bahari nguvu kila siku, karibu terawati moja, yaani megawati milioni moja, inayoingia kwenye mikondo yake mikubwa. Kituo chetu cha umeme cha Karuma kinazalisha megawati 600 kikiwa kimefunguliwa chote, kwa hiyo terawati moja ni kama Karuma 1,600 na ushei zisizozimwa usiku wala mchana. Nguvu hiyo inaingia mwaka baada ya mwaka, lakini bahari haiongezi kasi. Kama kuna mlango wa kuingilia, lazima pawe na mlango wa kutokea. Kisulisuli kinakufaje?

Jibu moja ni kwamba kinakufa kwa kuzaa mawimbi. Siyo mawimbi ya juu yanayopiga ufukwe. Ni mawimbi ya ndani, yanayotembea katikati ya maji, kwenye mpaka wa maji mepesi yenye joto na maji mazito ya baridi.

Ukitaka kuyaona, nenda jikoni. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, jaza nusu kwa maji uliyoyatia rangi ya majani ya chai, kisha mimina mafuta ya kupikia juu yake mpaka pomoni, usiache hewa. Funga, ilaze ubavu, iinue upande mmoja kidogo, irudishe. Mpaka wa mafuta na maji unainuka kama mgongo wa ng'ombe anayeamka, polepole kuliko maji yoyote uliyowahi kuyaona kwenye glasi, unafika mwisho wa chupa, unarudi. Mke wangu alinikuta nayo mezani akauliza kama mafuta ya nyumba hii yamekuwa ya kuchezea. Mafuta na maji havipishani sana uzito, kwa hiyo ni rahisi kuinua kimoja ndani ya kingine, na kikishainuka hakina haraka ya kushuka.

Baharini tofauti ya uzito kati ya tabaka na tabaka ni ndogo zaidi kuliko hiyo, hivyo mawimbi ni makubwa zaidi na ya polepole zaidi. Juu ya maji, wimbi la meta kumi ni habari ya kutangazwa redioni. Chini, kwenye Bahari ya China Kusini, yamepimwa yanayozidi meta 200, na nahodha aliye juu yake huenda asione ila michirizi ya maji laini na maji yaliyokwaruzika. Fridtjof Nansen wa Norway alikutana na hali ya namna hii mwaka 1893, meli yake ya Fram ilipokuwa pwani ya Siberia: injini inafanya kazi, meli haiendi, kama imeshikwa na mkono. Maji matamu ya barafu iliyoyeyuka yalikuwa yamelala juu ya maji ya chumvi, na nguvu ya injini ilikuwa ikiishia kutengeneza mawimbi kwenye mpaka ule wa chini. Vagn Walfrid Ekman alilieleza jambo hilo mwaka 1904. Wanorway waliita hali hiyo maji mafu. Watu wetu wa Pwani nao wana maji mafu, ila wao wanamaanisha siku ambazo bahari haijai wala haikupwi sana. Maneno mamoja, bahari mbili.

Haya si mambo ya kale tu. Aprili 2021 nyambizi ya Indonesia, KRI Nanggala-402, ilizama kaskazini mwa Bali ikiwa na watu 53, na baadhi ya maofisa wa jeshi la majini la nchi hiyo walitaja wimbi la ndani kuwa moja ya sababu zinazowezekana.

Lakini kuna fumbo. Wimbi la ndani lina masharti ya mwendo. Haliwezi kupanda na kushuka haraka kuliko kiwango fulani, na haliwezi kwenda polepole kuliko lile duara la dunia tulilolihesabu njiani na mpwa wangu. Kwenye latitudo ya 30, kitu kinachosukuma maji mara moja kwa wiki hakipati wimbi lolote, maana sakafu, yaani upolepole wa mwisho unaoruhusiwa, pale ni siku moja. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma polepole mno, bembea inafuata mkono wako tu na kurudi nawe. Kisulisuli cha baharini kinajizungusha kwa siku nyingi, hata wiki. Ni mama mzito. Anawazaaje watoto wepesi?

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, na bado linalonikaa kichwani ni la bodaboda. Safari ya kutoka mjini kwenda kijijini ni ya saa mbili, mwendo wa mzee. Lakini barabara ya vumbi ina makunyanzi, na mgongo wako unapata pigo kila nusu sekunde. Safari ni ya polepole, mapigo ni ya haraka, na yanayoamua ni makunyanzi. Sakafu ya bahari nayo ina makunyanzi yake: vilima na mabonde ya upana wa kilomita moja, mbili, tano. Kisulisuli kikubwa mizizi yake inafika chini kabisa. Maji yanayotambaa kwa sentimita kumi tu kwa sekunde yanapita kilima cha kilomita moja kwa muda usiofika saa tatu. Yanasukumwa juu, yanashuka, yanasukumwa tena. Saa tatu inatosha, imo ndani ya masharti, na wimbi linazaliwa. Nguvu inamtoka mama kidogo kidogo kama pumzi za dereva kwenye barabara mbovu.

Wimbi la namna hii lina tabia ambayo mtu wa Jinja hahitaji kuelezwa. Simama Itanda, kwenye maporomoko ya Nile. Maji yanapita kwa kishindo, lakini wimbi lililo nyuma ya mwamba limesimama palepale. Ukirudi kesho utalikuta. Wimbi linajitahidi kupanda mto kwa kasi ileile ambayo mto unalishusha. Chini ya bahari ni hivyohivyo nyuma ya kila kilima, ila hakuna povu wala watalii. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2011 na Maxim Nikurashin na Raffaele Ferrari zilikadiria kwamba mlango huu peke yake unatoa karibu terawati 0.2 duniani kote, sehemu kubwa ikiwa kwenye bahari inayozunguka Antaktika. Kwa kipimo chetu ni zaidi ya Karuma 300.

Milango iko mingine. Visulisuli hushirikiana na pepo: upepo wa dhoruba ukipiga bahari, huanzisha misukosuko juu, na kisulisuli kinachozunguka kwa mwelekeo unaopingana na ule wa dunia hufanya kama bomba la moshi lililogeuzwa, kinainasa misukosuko hiyo na kuipeleka chini mamia ya meta. Kile kikubwa cha Somalia ni cha jinsia hiyo. Tena kuna kingo kali ambapo maji moto na baridi yanabanwa pamoja mpaka yanapoteza mizani na kurusha mawimbi yenyewe, bila kilima wala dhoruba. Wataalamu bado wanabishana hili la mwisho lina uzito gani, nami siwaamulii.

Ila mlango ninaotaka tuukazie macho ni ukuta. Visulisuli vya bahari, kwa sababu dunia ni mviringo na inazunguka, huhama polepole kuelekea magharibi. Karibu vyote. Mwaka 2010 Xiaoming Zhai na wenzake wawili walitumia vipimo vya satelaiti kuonyesha kwamba nguvu ya visulisuli inapotea kwa wingi kwenye kingo za magharibi za bahari. Ni kama makaburi. Upande wa Bahamas, vyombo vilivyotiwa majini vimekuta kwamba kisulisuli kikifika na kukwaruza ukuta wa bara, mawimbi ya ndani yanaongezeka na maji ya kina yanakorogeka.

Sasa fungua ramani. Ukingo wa magharibi wa Bahari ya Hindi ni upi? Ni Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji. Makaburi ya visulisuli yapo mlangoni mwa Afrika Mashariki, na tunaishi kama familia iliyojenga kando ya makaburi na haijawahi kuuliza nani kazikwa pale.

Mtu wa Kampala ataniuliza, mwenzangu, sisi bahari tunaiona Mombasa tukienda harusi, inatuhusu nini? Kwanza, mwiko, ule wa kukorogea chungu. Maji baridi yanashuka kwenye bahari za ncha za dunia na kujaa chini. Kama hakuna kinachoyachanganya na joto la juu, yangeendelea kujaa na kusimama kimya. Walter Munk alilifanyia hesabu hilo mwaka 1966, na mwaka 1998 yeye na Carl Wunsch wakakadiria kwamba kuikoroga bahari kunahitaji kama terawati mbili. Karibu nusu inatoka kwa mwezi, kwa kupwa na kujaa, iliyobaki kwa pepo na hivi visulisuli. Wimbi la ndani likivunjika ndiyo mwiko unapogeuka chunguni. Linapandisha baridi na virutubisho, linashusha joto na hewa. Joto la uso wa Bahari ya Hindi linategemea mkorogo huo, na mvua zetu zinategemea joto hilo. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa bahari ulipata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukapoa. Afrika Mashariki ikaoga mvua, na kufika Mei 2020 Ziwa Viktoria lilikuwa limerudi kwenye kimo cha mwaka 1964. Walio Jinja wanakumbuka kisiwa cha matete kilichoelea Aprili ile mpaka kikaziba mitambo ya bwawa la Nalubaale, tukalala gizani nchi nzima.

Sisemi wimbi la ndani la pwani ya Somalia ndilo lililozima taa za Kampala. Huo ungekuwa utani wa beseni la Kayabwe. Ninachosema ni kwamba kompyuta zinazotabiri hali ya hewa huigawa bahari katika vyumba vya kilomita 25, au 100. Wimbi la upana wa kilomita mbili halina chumba humo. Linawekewa makadirio tu, na makadirio hayo yametoka zaidi kwenye bahari za watu waliozipima.

Pili, na hili ndilo la karibu: wimbi hilihili tunalo nyumbani.

Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba karibu 68,800 lakini kina chake hakizidi sana meta 80. Ni sinia. Kwa miezi ya joto hugawanyika matabaka mawili, na tabaka la chini huishiwa hewa. Mtu atasema tofauti ya joto kati ya juu na chini ni nyuzi moja na nusu au mbili tu, itazuia nini? Hapo maji yana ujanja wao. Kati ya nyuzi 24 na 25 uzito wa maji unabadilika karibu mara 30 kuliko kati ya nyuzi 4 na 5. Nyuzi moja kwetu ni ukuta. Ulaya wakati wa baridi si kitu.

Na upepo? Ni kusi ileile. Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki zinazosukuma kile kisulisuli cha Somalia ndizo zinazopita ziwani kwetu, zinayasogeza maji ya juu kaskazini, upande wa Uganda, na penye matabaka bado, mpaka wa chini unainama kama kwenye chupa yangu ya jikoni. Upepo ukilegea, mpaka unarudi. Nimejaribu hesabu rahisi. Wimbi refu la juu ya ziwa lingekwenda kilomita 70 kwa saa, kasi ya teksi ya Entebbe isiyo na foleni. La ndani haliwezi kufikisha hata kilomita moja kwa saa. Mtoto anayejifunza kutembea analipita. Kwa hiyo kubembea kwa ziwa zima huchukua wiki kadhaa, na kwa ghuba ndogo siku mbili tatu. Tena kumbuka ile sakafu ya siku 90: hapa kwenye Ikweta, wimbi linaruhusiwa kwenda polepole namna ambayo bahari za Ulaya haziruhusu. Hakuna maabara nzuri kuliko hii.

Maabara yenyewe ilikuwapo. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja mwaka 1947, na mwaka 1957 mtafiti wake mmoja alichapisha kazi juu ya kubembea huku kwa ndani ya Ziwa Viktoria. Jina lake la ukoo lilikuwa Fish, yaani Samaki, jina lililomkaa sawasawa. Mwaka 1966 Jack Talling akachapisha mwenendo wa matabaka ya ziwa kwa mwaka mzima. Yaani jambo hili liliandikwa hapa, kabla ya uhuru na mara tu baada yake.

Kisha mwishoni mwa 2020 kuingia Januari 2021, sangara wakubwa walianza kuelea wamekufa, ziwani Viktoria na Kyoga. Maofisa wa serikali walisema ni upungufu wa hewa majini baada ya dhoruba kuyakoroga maji. Maelezo hayo yanaingia akilini: sangara ni mlafi wa hewa, ngege anavumilia, kambale ndiye usimtaje. Lakini kwenye teksi niliyopanda wiki ile, abiria wote kumi na wanne walikuwa na jibu moja: sumu. Sikuwalaumu. Nani aliwahi kuwaambia kwamba chini ya ziwa kuna maji mengine yanayotembea?

Kuna aliyejua. Mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe, kuna mzee mvuvi, asili yake Busia, ambaye Kiswahili chake kinanoga kuliko changu. Nilimpeleka mpwa wangu kwake likizo ileile. Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anarekebisha maboya, hakutazama juu tulipomsalimia Shikamoo.

"Marahaba. Mwalimu, huyu ndiye mtoto wa mabeseni?"

Nilikuwa nimemsimulia kwa simu. Akacheka, kisha akamvutia mpwa wangu kipande cha wavu. Nusu ya juu ilikuwa nyeupe, imekauka. Nusu ya chini ilikuwa na utelezi mweusi ambao haukutoka hata kwa kukwaruzwa na ukucha. "Nusa." Mtoto akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Yai viza. "Hii ililala chini usiku mmoja tu. Kule kuna maji mengine. Hayana pumzi."

Mpwa wangu akauliza anajuaje yako kina gani. Mzee akasema hayakai mahali pamoja, yanapanda na kushuka. Upepo wa kusini ukipiga siku nne tano halafu ukakatika ghafla, yeye hateremshi nyavu chini, maana siku ya pili au ya tatu maji yale yanakuja juu na samaki wakubwa wanasogea ufukweni wanahema kama mbwa.

Kimo cha ziwa tunakisoma tangu 1896. Zaidi ya miaka mia moja na ishirini tumekuwa tukipima paji la uso la ziwa na kuliandika. Tumbo tunalipima safari ya utafiti ikitokea, mradi ukiisha vyombo vinarudi stoo. Ninachodai ni kitu cha kawaida kabisa: kamba yenye vipima joto na vipima hewa kila meta chache, ifungwe kwenye boya, mbili tatu upande wa Uganda, nyingine Mwanza na Kisumu, zisomwe kila saa na matokeo yafike mialoni kwa Kiswahili na Kiluganda na Kijaluo. Mzee wa Kasenyi anapata utabiri wa upepo kwenye simu yake. Wa chini ya maji anautoa kwenye utelezi wa nyavu. Bajeti ya doria moja ya boti za mwendo kasi ingefunga kamba ngapi? Tumeweka nguvu nyingi kumkamata mwenye nyavu za macho madogo, na kweli wengine wanastahili kukamatwa, lakini samaki aliyekosa hewa hafi kwa sababu ya nyavu za mtu.

Na kwa kuwa Baraza la Mawaziri lilikwisha kupitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, basi kisiishie kwenye "habari ya asubuhi" na majina ya matunda. Lugha hii ilizaliwa ufukweni. Ina kusi na kaskazi, ina bamvua na maji mafu, ina majina ya kila pembe ya upepo. Ya chini ya maji ndiyo haina, kwa sababu wazee wetu walisafiri juu. Nimeandika makala nzima nikiazima kisulisuli na makunyanzi ya barabara. Walimu wa Bwera na Busia watapata maneno bora kuliko yangu wakianza kuyahitaji.

Siku ile Kasenyi upepo ulikatika saa nane mchana. Ziwa likawa kama kioo, watu wakafurahi, vijana wakaanza kusukuma mitumbwi majini. Mzee hakufurahi. Alianza kufupisha kamba za maboya yake, moja moja, ili nyavu zining'inie juu zaidi. Mpwa wangu akachuchumaa kando yake, akashika upande wa pili wa kamba bila kuambiwa, na nikamsikia akihesabu kwa sauti ndogo: leo Jumanne, Jumatano, Alhamisi. "Babu, Ijumaa nikipiga simu utaniambia?"

"Kama nitakuwa sijaenda majini," alisema mzee, akamwonyesha jinsi ya kufunga fundo.